Umesomea meno Muhimbili unataka kutibu Marekani? Anza na jimbo, INBDE baadae

Karibu kila mwezi kuna mtu ananitafuta, kamaliza Muhimbili au Nairobi au Makerere, kafanya intern yake, kafanya kazi miaka miwili mitatu hospitali ya mkoa, na swali lake la kwanza ni "dokta shikamoo, kwa ajili ya INBDE nisome kitabu gani?" INBDE ndo mtihani wa maandishi wa madaktari wa meno kule Marekani. Marahaba mdogo wangu, ila kabla ya kitabu nijibu hili, unaenda kuishi jimbo gani? Hapo simu inakuwa kimya. Wengine wanacheka, wanadhani nataka kujua watafikia kwa nani. Hapana, nauliza kwa sababu jibu la hilo swali ndo linaamua usome nini, uaplai wapi, utumie hela kiasi gani na itakuchukua miaka mingapi, na nimeona watu wameanza na kitabu wakaja kugundua mwishoni kwamba njia waliyopita haifiki kule walikokuwa wanaenda.

Nyumbani ukishasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika unaweza kung'oa jino Mtwara leo na mwezi ujao ukahamia Bukoba, hamna anayekuuliza kitu (Zanzibar wana baraza lao, hiyo najua). Marekani hakuna leseni ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake ya meno, ina sheria zake, na bodi ya Texas haijali bodi ya Washington imesema nini. Ila ukizisoma zote utakuta zinazunguka kwenye vitu vitatu: elimu kutoka programu iliyoidhinishwa na CODA, ambacho ndo chombo cha kuidhinisha vyuo vya meno kule, mtihani wa maandishi wa INBDE, na mtihani wa vitendo ambao majimbo mengi wanakubali ule wa ADEX. New York wao mtihani wa vitendo waliachana nao toka 2007, wanataka umalize rezidensi, yaani mafunzo ya kazini baada ya digrii, ya angalau mwaka mmoja.

Hicho cha kwanza ndo kinatumaliza. Digrii yetu ya miaka 5 haina shida kitaaluma, sema CODA haijaikagua, basi. Kwahiyo hata ukifaulu INBDE kwa mara ya kwanza bado huruhusiwi kumgusa mgonjwa. Namfahamu kaka mmoja ana barua yake ya kufaulu INBDE ameiwekea fremu ukutani na mwaka wa tatu huu anafanya shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo, sio kwamba hana akili, ana akili kuliko mimi, ila hakuna aliyemwambia kwamba ile barua ni tiketi ya kuombea shule.

Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni kurudi chuo kwa kile wanachoita "advanced standing" kwa madaktari wa meno wa kimataifa, yaani unaruka miaka ya mwanzo unaungana na Wamarekani kwenye miaka ya mwisho, miaka 2 mpaka 3, unatoka na digrii ya udaktari wa meno, DDS au DMD, ile ile wanayopata wao na hakuna jimbo litakalokuuliza ulizaliwa wapi. UCLA wanayo, USC, Boston University, Tufts, Penn, Michigan, Colorado, Loma Linda, na vingine vingi. Njia ya pili ni kuingia moja kwa moja kwenye mafunzo ya baada ya digrii, aidha AEGD au GPR ambazo ni tiba ya meno ya jumla kwa mwaka 1 au 2, au ubingwa kama wa mizizi ya meno, fizi, meno ya bandia au watoto, miaka 2 hadi 3. Hii ya pili ni nafuu, na GPR nyingi ziko hospitalini kwahiyo unalipwa posho badala ya kulipa ada, ila kuna majimbo yanaikubali badala ya digrii ya kule na kuna majimbo hayaikubali kabisa. Umeona sasa kwanini nilikuuliza jimbo?

Kwahiyo kazi yako ya kwanza haina gharama. Fungua tovuti ya bodi ya meno ya jimbo ambako una dada, mjomba, mke, kanisa, chochote kitakachokuweka pale, tafuta kipengele cha waliosoma vyuo ambavyo havijaidhinishwa, kisome mwenyewe neno kwa neno, afu waandikie barua pepe uliza kwa hali yako. Wakijibu ihifadhi. Usitumie voice note ya kwenye grupu la WhatsApp kama sheria, hata iwe yangu, maana majimbo yanabadilisha hizi sheria na mtu anakusimulia ya 2019.

Makaratasi, na hapa ndo miezi inapotea

Watu wanadhani kigumu ni mtihani. Kigumu ni transkripti. Ili upewe kibali cha kufanya INBDE ukiwa umesoma nje inabidi masomo yako yatathminiwe na ECE, kampuni iko Milwaukee, na wao hawapokei kopi yako wala skani uliyopiga kwa simu, wanataka itoke chuoni kwenda kwao moja kwa moja. Kama chuo kinatuma kwa karatasi basi ni bahasha iliyofungwa na mhuri wa msajili umepigwa juu ya mkunjo, nusu ya mhuri kwenye kifuniko nusu kwenye mwili wa bahasha. Mhuri ukiwa pembeni wanakurudisha mwanzo. Mimi ya kwanza ilirudi. Karani aliipiga mhuri vizuri kabisa, mbele, karibu na anwani, akaniambia "hii itapendeza zaidi". Ilipendeza kweli, ikanigharimu wiki 9.

Kama ulimaliza kabla Muhimbili haijawa chuo kikuu kamili 2007, cheti chako kinasema University of Dar es Salaam na transkripti unaenda kuiomba Muhimbili, na mtu wa Milwaukee haelewi hiyo habari. Omba barua fupi ya msajili inayoeleza kwamba kilikuwa chuo kishiriki, iwekwe humo humo kwenye bahasha. Na hakikisha kile kijedwali cha madaraja kipo, kile cha nyuma ya transkripti kinachosema A ni kuanzia ngapi. Nairobi A inaanzia 70, Marekani 70 ni mtu aliyeponea chupuchupu, ukiwaachia wakisie wenyewe utaonekana ulikuwa unalala darasani. Agiza tathmini ya somo kwa somo yenye wastani wa alama, ile ya jumla haitoshi kwa vyuo.

Halafu majina. Sisi tuna hii tabia, shuleni Rehema Hamisi, chuoni Rehema Hamisi Juma, pasi ya kusafiria Rehema Juma, ukaolewa ukawa Rehema Mushi. Kwetu kila mtu anajua ni Rehema yule yule. Kule ni watu wanne. Tengeneza hati ya kiapo ya majina kwa wakili mapema, na ile namba ya DENTPIN unayofungua kwa ajili ya mitihani na maombi ya chuo iandikishe kwa jina lilivyo kwenye pasi, kwa sababu siku ya mtihani kituoni wanalinganisha herufi kwa herufi na hawana huruma.

Chukua pia cheti cha mwenendo mzuri kutoka baraza lako, Tanzania ni hao wa Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la kule. Hiki kina muda wa kuisha kwahiyo usikichukue mapema sana.

INBDE yenyewe

Nitaipita haraka kwa sababu imeandikwa kila mahali. Ilianza Agosti 2020 ikachukua nafasi ya ile mitihani miwili ya zamani, kwahiyo mtu akikupa madesa ya Part I na Part II mshukuru uyaweke pembeni. Maswali 500 siku mbili, siku ya kwanza 360, ya pili 140 yote ya kesi za wagonjwa, jumla masaa 12 na nusu ukihesabu mapumziko. Matokeo ni umefaulu au hujafaulu, ukifaulu hawakupi maksi kabisa, kwahiyo hakuna cha kujitambia kwamba ulipata ngapi. Angalia vituo viko wapi kabla hujalipa, mimi ilibidi nifanyie Marekani nikaunganisha na safari ya kumwona dada yangu.

Wanaotoka kwetu wanaangukia sehemu tatu kwa uzoefu wangu wa kuwafundisha: dawa kwa majina ya kibiashara ya kule, maadili na sheria za mgonjwa wa Kimarekani (unamwambia mgonjwa au unamwambia mama yake? kwetu tunamwambia mama), na kuweka meno sawa kwa watoto, maana wengi tulisoma kwa nadharia tu. Kung'oa, majipu, mataya yaliyovunjika kwa bodaboda, hapo tunawaacha mbali.

Na kuna hili la namba za meno ambalo nataka ulishike kuanzia leo hata kabla hujafungua akaunti yoyote. Sisi tunatumia namba mbili mbili, 11, 21, 36, 46. Wamarekani wanahesabu 1 mpaka 32 kuanzia gego la mwisho juu kulia, wanazunguka mpaka juu kushoto, wanashuka chini kushoto wanarudi kulia. Kwahiyo 36 yetu kwao ni 19, 46 ni 30, 11 ni 8. Sasa balaa liko kwenye namba ambazo zipo pande zote mbili. Mtu akikwambia jino la 14, kwako ni lile gego dogo la kwanza juu kulia, kwake ni gego kubwa la kwanza juu kushoto. Jino la 11 kwako ni la mbele kabisa, kwake ni chonge. Kwenye karatasi unakosa swali moja. Kwenye benchi, yaani mtihani wa mikono, unachimba jino lisilo lako na siku imeishia hapo. Badilisha namba kwenye simu, kwenye daftari la kliniki andika zote mbili, mpaka ubongo uache kutafsiri.

Maombi

Vyuo vingi vinapokea kupitia mfumo mmoja unaoitwa CAAPID, kawaida unafunguliwa mwezi wa 3, na rezidensi zina wake unaitwa PASS. Aplai wiki za mwanzo. Vyuo vingi vinaita watu kwa intavyu huku maombi mengine bado yanaingia, ukisubiri dedilaini unagombea viti vilivyobaki. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, wengi wamekuwa wakitaka karibu 100 kwa kipimo cha zamani cha 120, vingine chini kidogo, soma cha kila chuo.

Barua yako ya kujieleza, tafadhali sana usiandike kwamba toka utotoni ulipenda tabasamu. Wanasoma hizo mia kwa siku. Andika kitu ambacho wao hawajawahi kukiona na wewe unakiona kila wiki. Mama kaja na mtoto wa miezi 7 amekonda, ameshapelekwa kwa mganga akang'olewa "meno ya plastiki", yaani vichipukizi vya meno vikiwa bado ndani ya fizi, kwa sababu mtoto alikuwa anaharisha na watu wakasema ndo hayo. Au kijana wa Arumeru meno yote ya kahawia kwa floridi ya maji ya kisima, anacheka kafunika mdomo, amekataa kugombea uongozi wa shule kwa ajili hiyo. Eleza ulifanya nini na nini kilikushinda kwa kukosa mafunzo. Hapo mwisho ndo jibu la kwanini unataka shule yao, limekaa lenyewe bila kulilazimisha. Kwenye intavyu niliulizwa maswali 6 na manne yalitoka kwenye hadithi ya yule mtoto wa meno ya plastiki.

Barua za mapendekezo tatu, na angalau moja itoke kwa mtu anayekujua ndani ya Marekani kama unaweza. Kama uko kule tayari na kibali cha kufanya kazi, kuwa msaidizi wa daktari wa meno, unyonye mate ya wagonjwa kwa ile mirija, uchanganye vifaa, ujue wanavyoongea. Inauma kidogo mwanzoni, mtu aliyekuwa anaitwa dokta Mbeya nzima anaambiwa alete pamba. Itapita. Jimbo jingine hata kupiga picha ya eksirei unahitaji cheti kidogo, kichukue.

Na jambo moja la pembeni, kwenye jumuiya zetu huko kuna mama atakuja kukuomba umng'olee jino jikoni kwake kwa sababu hana bima. Utamwonea huruma kweli. Usithubutu. Kutibu bila leseni ni kosa la jinai na bodi nyingi zinauliza swali hilo kwenye fomu. Mpeleke kwenye kliniki ya chuo cha meno, bei ziko chini sana kuliko za mtaani.

Benchi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo wazuri wanapoanguka. Ukipita mchujo wa makaratasi vyuo vingi vinakuita kwenye mtihani wa mikono. Unakutana na sanamu la kichwa limefungwa kwenye nguzo, ndani kuna taipodonti, meno ya plastiki yamefungwa kwa skrubu, unapewa kazi kama mbili hivi na saa ukutani. Mara nyingi ni tundu la daraja la pili, lile la ubavuni mwa jino linalopakana na jirani, la kujaza amalgamu au kompositi, na kukata jino kwa ajili ya krauni, ile kofia ya kulifunika.

Kosa la kwanza la watu wetu ni kufanyia mazoezi taipodonti mkononi kama unamenya chungwa. Unakata vizuri sana, unapiga picha, unatuma kwenye grupu, afu siku ya mtihani jino liko juu nyuma kushoto kwenye kichwa ambacho hakigeuki na unaliona kwa kioo tu na kioo kimejaa maji. Funga kichwa chako kwenye meza. Kama huna hela ya sanamu kamili, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea nguzo na kishikizo, mimi wangu alinitengenezea Temeke na alitaka kujua kama ni mambo ya uganga. Taipodonti yenyewe nunua ile ile chuo kinayotumia, nyingi ni Kilgore au Columbia, wanaandika kwenye barua ya mwaliko.

Plastiki sio jino. Enameli inakupa ubishi, dentini inakuambia umefika, plastiki haisemi kitu, ukibonyeza kidogo umeshazama. Kwa miaka mitano hospitalini mkono wangu ulijifunza nguvu, ilibidi niusahaulishe. Na hendipisi, yaani drili, za umeme ambazo vyuo vingi wanatumia ni nzito kuliko zile zetu za upepo na hazipunguzi mwendo ukibonyeza, kwahiyo ukizoea ya upepo inayozubaa ukiielemea, ya umeme itakula jino lote hujashtuka. Gusa na kuinua, gusa na kuinua.

Vipimo vikae kichwani kama namba ya simu ya mama. Tundu la amalgamu sakafu iwe milimita 1.5 hadi 2, kuta zinaingia ndani kidogo kama chungu ili kijazio kisitoke. Krauni ya chuma, vilele vinavyotafuna punguza 1.5, visivyotafuna 1. Ya chuma na kauri juu yake, kule kwenye vilele vinavyotafuna nenda 2. Kuta zielekee juu kwa mteremko mdogo mno, kama nyuzi 6 za kitabuni, ukweli ni kwamba ukiiona kwa jicho kwamba imeteremka basi umezidisha. Usipime kwa macho. Kabla hujakata bonyeza puti ya silikoni kwenye jino zima na majirani, isubiri igande, ikate katikati kwa wembe. Ukishachimba unairudisha ile nusu na unaliona pengo lote lilivyo, unaingiza kipimio cha fizi unasoma. Dakika 2 tu na inakuokoa.

Sasa jirani. Jino la pembeni ukilikwaruza vyuo vingi ndo basi tena, hata kazi yako iwe nzuri kama ya sonara. Chuo cha kwanza kilichoniita, sikitaji, nilikuwa nimebakiza dakika 20, tundu limetulia, kuta zimenyooka, nikasema ngoja nisafishe kakona kamoja tu. Nikasikia mlio umebadilika. Mtahini alipokuja hakusema neno, alichukua ile sindano ya kupapasia akaipitisha taratibu kwenye jino la jirani, ikakwama, akaandika, akaenda kwa mwingine. Nilirudi uwanja wa ndege na taipodonti kwenye begi, watu wa usalama wakaifungua wakarudi nyuma hatua moja.

Toka siku hiyo sivunji ule ukuta wa mwisho kwa drili. Unachimba sanduku lako unaacha ganda jembamba la plastiki kati yako na jirani, kama ganda la karanga, afu unachukua patasi ndogo ya mkono unalipindua kidogo linadondoka lenyewe. Kama wanaruhusu, weka bendi ya chuma katikati kabla hujaanza, ila uliza kwanza, wengine wanahesabu ni kosa. Na ukibakiza dakika 20 na kazi imekaa, weka hendipisi chini ukalie mikono.

Sanamu lisikilize pia. Wanaangalia kama umelifunua mdomo likaumia, kama umeegemea uso wake, kama umevaa miwani na glovu, kama umeinama shingo ya twiga. Kuna mtu alifanya kazi safi akaacha hendipisi imelala kifuani kwa "mgonjwa", akapunguziwa.

Hela

Sitakupamba. Vyuo binafsi ada ya miaka yote mara nyingi inavuka dola 200,000 kabla hujala wala kulala. Kama una grinikadi unaweza kukopa serikali kuu, ila sheria imebadilika, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unafunika chochote kilichobaki umefungwa kwa wakopaji wapya, na wanaosomea fani kama hii wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Piga hesabu mwenyewe utaona kuna shimo, na shimo linazibwa na mkopo wa benki ambao unataka mdhamini. Kama unaenda na viza ya mwanafunzi mkopo wa serikali haupo kabisa, unatakiwa uoneshe hela ya mwaka wa kwanza ndipo chuo kikupe fomu ya I-20 ya kuombea viza, ulipe dola 350 za SEVIS, ule mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndipo uende ubalozini. Na mambo ya viza yanabadilika usiku mmoja kwa tangazo, kwahiyo kabla hujalipa ada ya kushikilia kiti, isiyorudishwa, cheki raia wa nchi yako wanapewa viza hiyo wiki hiyo, sio mwaka jana.

Usiuze kiwanja cha baba kwa ajili ya ada ya maombi. Maombi, INBDE, tathmini, safari za benchi, hivyo vitafute kwa mshahara wako, ukishindwa hapo utajua mapema. Kiwanja kijadiliwe na familia ukishapata barua ya kukubaliwa mkononi.

Na kama Marekani sio lazima, fikiria Canada. Kule kuna mchakato wa NDEB, bodi yao ya mitihani ya meno, unafanya mtihani wa maarifa wa AFK, wa maamuzi ya kliniki ACJ, na wa mikono NDECC unaofanyikia Ottawa, halafu mtihani wa cheti chenyewe, na hulazimiki kurudi chuo. Wengi wanaanguka kwenye ule wa mikono, kwahiyo yote niliyosema ya benchi yanahusika. Uingereza ni mtihani wa ORE chini ya GDC, baraza lao la meno, sehemu mbili, Kiingereza cha IELTS 7 na kila kipengele kisipungue 6.5, ukianza sehemu ya kwanza una miaka 5 ya kumaliza ya pili, na nafasi za mtihani zikitangazwa zinaisha kabla chai haijapoa. Kuna ujanja wa zamani wa kujisajili kama mtibabu msaidizi wa meno kwa digrii yako ya udaktari ukiwa unasubiri ORE, bado unazunguka kwenye magrupu, huo mlango ulifungwa Machi 2023 usimlipe mtu.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unataka, Jumatatu asubuhi nenda kwa msajili na barua ya maombi ya transkripti, risiti ya malipo, na karatasi yenye anwani ya ECE na namba ya faili lako imechapwa, sio kwa mwandiko. Mwambie mhuri uje juu ya mkunjo, simama hapo uangalie ukipigwa. Omba bahasha 4 hata kama unahitaji 1, moja chuo kinaituma ECE kwa kuria, nyingine tatu unaziweka kabatini zikiwa zimefungwa na mtu yeyote nyumbani asizifungue kwa udadisi. Yangu moja ilifunguliwa na shangazi, alitaka kuona nilipata ngapi kwenye anatomia.